Nimeona, Sijasema

"Usilie, Mwanaidi. Ukilia mimi nacheka, na leo sitaki kucheka."

Mwanaidi alikuwa amejifungia choo cha ukumbi, simu sikioni, wanja umeshamshukia mpaka shavuni. Nje muziki unarindima, watu wamevaa nguo za kuazima na za kushonesha, wanasubiri tuzo zitolewe. Jina lake lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na mumewe ndiye pekee ambaye hakuja.

"Silii, Athumani. Naongea."

"Unalia. Naijua sauti hiyo. Ndiyo hiyo hiyo uliyoitoa kwenye ule mchezo wa kuku aliyemeza hereni."

"Ile ilikuwa kazi."

"Na hii?"

"Hii ni mimi."

Upande wa pili akamsikia mumewe akivuta pumzi, kama mtu anayebana kicheko, au kilio. Kwa simu huwezi kujua.

"Nisikilize," Athumani akasema. "Sijakuacha. Neno la talaka halijatoka kinywani mwangu na sitaki litoke. Ila nyumbani sirudi mpaka mama aseme. Akisema rudi, nitarudi hata kwa miguu. Asiposema, ndiyo hivyo."

"Na mama anasemaje?"

"Hasemi. Amelala, kageukia ukutani."

"Basi leo nitamwomba radhi mbele ya watu wote. Niliyemwaibisha hadharani, nimtake radhi hadharani."

"Usifanye hivyo, nakuomba. Ukisimama pale juu, chochote utakachofanya watu watacheka."

"Sasa nifanye nini?"

Simu ikabaki wazi, wote wawili wakisikiliza muziki wa ukumbini, mpaka salio likaisha.

Tuseme kweli: kosa lilikuwepo, na lilikuwa kosa la mtu aliyezoea.

Ukoo wa Mwanaidi na ukoo wa Athumani ni watani tangu enzi za mababu. Na huku kusini mtani ana kazi yake msibani. Watu wakishalia wakachoka, mtani hujifunga nguo ya marehemu, akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu, akawagombeza waombolezaji kwa sauti ya marehemu, mpaka wafiwa wanacheka na machozi hayajakauka. Si dharau, ni dawa. Mwanaidi alifundishwa na bibi yake tangu ana meno ya utoto, na Mungu alikuwa amempa jicho. Akikutazama ukivuka uwanja, keshakuchukua. Shule nyingine ya kuigiza hakuwahi kuiona.

Hata Athumani alimpatia huko huko. Siku wanamzika baba yake, binti mmoja mwembamba aliingia amevaa koti la marehemu, akaketi kwenye kiti chake, akaanza kutafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake mwenyewe. Athumani alikuwa hajala, hajasema, hajalia. Akacheka mpaka akainama. Baadaye akamfuata uani.

"We binti, umenichekesha kwenye msiba wa baba yangu."

"Mimi mtani wako. Kanishtaki."

"Nitakuoa."

"Hapo sasa umenizidi kwa vichekesho."

Akamwoa. Wakapanga Magomeni, ya huku huku kusini, si ile ya Dar, Athumani akiwa fundi wa mafriji, na Mwanaidi akiuza vitumbua asubuhi. Ndipo akatokea Fredi, mpiga picha za harusi, aliyemwona Mwanaidi akimwigiza marehemu mmoja mbahili. Akamwomba acheze kitu kidogo cha kurusha kwenye simu. Akacheza mkunga anayezimia akiona damu. Akacheza mke wa mlevi anayejibu salamu za mumewe kwa niaba ya mlango. Watu wakacheka huku, wakacheka na Dar, wakacheka na wa Zanzibar. Ikaja tuzo ya kwanza, ya Chipukizi wa Vichekesho, kijumba cha kioo chenye jina lake.

Mama mkwe wake, Bi Somoe, aliishika ile tuzo kwa mikono miwili kama anashika mtoto mchanga.

"Kitu kama hiki hakikai hivi hivi," akasema. Akaifumia kitambaa cheupe cha kukalia, kwa mkono wake, nyuzi za pembeni zikiwa za bluu. Tuzo ikawekwa juu ya friji, kitambaa chini yake. Walipendana, hao wawili. Hilo ndilo lililofanya mambo yawe mabaya.

Maana siku moja Fredi akasema, "Nataka bibi mmoja, mkali, anayeona kila kitu."

Mwanaidi hakufikiri. Mwili ulikwenda wenyewe. Mkono kiunoni, bega limelala upande, hatua moja nzito na moja nyepesi, shingo ndefu kuchungulia sufuria za watu. Halafu kimya kidogo, na kidole kikainuka.

"Nimeona, sijasema."

Alikuwa Bi Somoe yule yule. Nyonga ile aliiumia ujanani, alipoanguka na debe la maji kichwani, na maneno yale alikuwa akiyasema kila alipokuta mwanawe kaficha jambo. Fredi alicheka mpaka kamera ikatikisika. Wakamwita Bi Kokoto. Televisheni ikamchukua Bi Kokoto, nchi nzima ikamjua.

Na Mtawanya, anakoishi Bi Somoe, watoto wakaanza kumfuata njiani. "Bi Kokoto! Nimeona, sijasema!" Muuza samaki akamwambia hivyo hivyo akimpa chenji. Vijana wa bodaboda wakawa wanalalia upande mmoja akipita. Bi Somoe akaacha kwenda sokoni. Akaacha kwenda kwa jirani. Ikafika harusi ya mtoto wa ndugu yake, hakwenda.

Mwanaidi alipokwenda kumsalimia, alimkuta ameketi mkekani na Athumani.

"Shikamoo mama."

Bi Somoe akamtazama mwanawe.

"Athumani, mtu akishaoa, mkwe hataniwi, anaheshimiwa. Hilo nilimwachia, nikasema ni mtoto. Lakini mtani anaigiza maiti. Huyu kaniigiza ningali nakula ugali. Maana yake kanizika. Basi mimi ni marehemu, na marehemu haamkiwi."

Tangu siku ile hakumjibu tena salamu. Kifua kikamshika, presha ikapanda, watu wakaanza kunong'ona kwamba aliyeigizwa hai haishi sana. Athumani akafungasha begi, akahamia kwa mama yake.

Sasa turudi ukumbini.

"Mchekeshaji Bora wa Kike," akatangaza mshereheshaji, "ni Bi Kokoto wetu!"

Mwanaidi akapanda jukwaani. Akapokea tuzo, nzito, ya rangi ya dhahabu. Akashika kipaza sauti, na sauti ikatoka imevunjika.

"Mama yangu Bi Somoe. Mama mkwe wangu. Naomba unisamehe."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Jamani, sichezi. Ninamaanisha."

Wakapiga meza.

Akapiga magoti. Machozi yakatiririka, wanja ukachora mistari miwili mpaka kidevuni, na kamasi nalo likaja. Mwanamke mmoja wa mbele alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mwanaidi akatazama huku, akatazama kule, akitafuta uso mmoja tu ambao haucheki. Hakuuona.

Kufika kesho yake asubuhi picha ile ilikuwa kwenye kila simu. Ujumbe wa Athumani ukaingia:

"Nimeiona. Mama pia wamemwonyesha."

Mwanaidi akajibu: "Wallahi sikuigiza."

"Najua. Mimi najua hukuigiza. Tatizo ni kwamba nilijua na bado nilicheka. Nimekaa pembeni ya mama yangu nikacheka. Niambie mimi ni mtu gani."

Mwanaidi akampigia Fredi.

"Fredi, Bi Kokoto nimemwacha. Nitafutie mtu mwingine wa kucheza."

"Dada Mwanaidi, umwache vipi? Bi Kokoto ni mali ya kituo sasa. Usipocheza wewe atacheza mwingine. Wameshamleta binti kutoka Lindi, wanamjaribu."

"Anamjulia wapi Bi Kokoto?"

"Hamjui. Anakuigiza wewe ukimwigiza yeye. Na anachekesha, Mungu ananiona."

Mwanaidi akakaa chini, palepale karibu na friji. Hata aibu aliyoitengeneza kwa mkono wake ilikuwa imeshamtoka mkononi. Ungeweza kukataa mchezo wako, lakini kicheko cha watu utakirudisha wapi?

Akapika uji wa ulezi, akatia kwenye chupa ya chai, akaenda Mtawanya.

"Hodi."

"Karibu... ah. Wifi." Halima, dada yake Athumani, alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakukaribisha wala hakufukuza.

"Mama anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo. Kifua."

Sauti ikatoka chumbani, nyembamba lakini imenyooka. "Halima, nani huyo?"

"Mwanaidi, mama."

"Mwambie marehemu amepumzika."

"Halima," Mwanaidi akasema, "mwambie mama nimemletea uji wa ulezi."

"Mama, kakuletea uji wa..."

"Nimesikia. Mwambie maiti hanywi uji."

"Wifi, mama anasema..."

"Nimesikia, wifi."

Kikohozi kikapita kule ndani, kikachukua muda kutulia.

"Mwambie sina ugomvi naye," Bi Somoe akaendelea. "Siku yangu ikifika najua atanifanya vizuri. Mazoezi kashamaliza, na tuzo kapewa."

Halima akaziba mdomo kwa kanga, lakini pumzi ya kicheko ilishamponyoka. Mwanaidi hakumlaumu. Hayo maneno yalikuwa matamu kuliko chochote alichowahi kukiandika Fredi. Bi Somoe kitandani, amegeukia ukuta, alikuwa anachekesha kuliko Bi Kokoto.

Akaketi barazani. Hakuna aliyemwambia kaa, hakuna aliyemwambia ondoka. Mchana Athumani akarudi kutoka kazini, mikono ina mafuta. Akamkuta pale, akasimama kama mtu aliyekuta mgeni.

"Umekula?"

"Sijala."

Akaingia ndani, akatoka na sahani moja ya ugali na mchuzi wa kisamvu. Wakala pamoja, vidole vikikutana sahanini na kuachana.

"Kasema?" Mwanaidi akauliza.

"Hajasema."

"Na wewe huwezi kusema mwenyewe?"

"Nilimwapia, Mwanaidi. Nilishika mguu wake nikamwapia. Ningejua siku hizi zinavyokuwa ndefu nisingeapa."

"Basi nitakuja tena kesho."

"Njoo."

Akaja kesho yake, akaja na keshokutwa, akawa mtu wa barazani. Chupa ya uji ilirudi imejaa kila siku, na kila siku aliimwaga kwa kuku wa jirani.

Halafu asubuhi moja, kabla hajatoka, simu ikaita.

"Mwanaidi."

Kwa namna alivyolitaja jina tu, alijua.

"Innalillahi," akasema. "Saa hii?"

"Alfajiri. Mkono wake ukiwa mkononi mwa Halima."

"Nije?"

"Aliacha neno. Halima anasema mama kasema hivi: asije kama mkwe, aje kama mtani."

"Hilo neno ni zuri au baya?"

"Sijui. Nilitaka wewe ndiye uniambie."

"Na la kwetu? La wewe kurudi, alisema?"

"Hakusema. Na sasa hasemi tena. Nilijifunga kamba mwenyewe, Mwanaidi, na mwenye kuifungua ndiye huyu tunamwosha."

Msibani ndugu walikuwa wameshafika kutoka Msimbati, wanaume nje kwenye mikeka, wanawake uani na ndani. Mwanaidi alipoingia, minong'ono ikamtangulia. "Bi Kokoto huyo." "Kaja kweli?" "Kaitwa, ati." Wasichana wawili walishaanza kutabasamu, kwa mazoea tu, kabla hajafungua mdomo. Mama mmoja mzee akageuza uso.

Walimzika kwanza. Waliporudi makaburini, Halima akamshika mkono, akamwingiza chumba cha marehemu, akafungua sanduku. Akatoa kanga, ile ya zambarau aliyozoea kujifunga Bi Somoe siku za kawaida, bado ina harufu ya udi na moshi wa korosho.

"Halima, siwezi."

"Geuka nikufunge."

"Nikilia watacheka. Nikicheka watasema ndilo nililokuwa nalitaka. Nikikaa kimya watasema jeuri ya tuzo. Niambie huu mwili niuweke wapi."

Halima akamfunga kanga kiunoni, akaivuta ikaze kama anamfunga mtoto. Akasogeza mdomo karibu na sikio.

"Wiki yake ya mwisho alikuwa ananiambia nimfungulie simu."

"Aone nini?"

"Akuone wewe. Ule mchezo wa Bi Kokoto. Mwanzo alikuwa anatazama kwa pembe ya jicho, kanuna. Halafu siku moja akaniambia, rudisha nyuma. Nikarudisha. Akaniambia, tena. Akacheka, wifi. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikaogopa."

Mwanaidi akageuka amtazame.

"Akaniambia, nikwambie wewe sikioni, siku yake ikifika: mtoto ana jicho, lakini mguu kakosea. Mimi naegemea kushoto, yeye kaniegemeza kulia. Arekebishe, nisiende mbele za watu nimepinda vibaya."

Mwanaidi akaketi juu ya sanduku. Ilikuwa kweli. Miaka yote alikuwa amemtazama Bi Somoe akija kumpokea, uso kwa uso, akauchukua mwili ule kama unavyojiona kwenye kioo. Hakuwahi kutembea nyuma yake.

Akainuka. Akaweka uzito wote kwenye mguu wa kushoto.

Alipotoka uani, hakuna aliyecheka. Mikono iliyokuwa ikimenya mihogo ilisimama. Yule mama mzee aliyegeuza uso akarudisha uso.

"Somoe," akasema polepole.

Hatua nzito, hatua nyepesi. Akafunua sufuria ya wali, akanusa, akafunika kwa kishindo. Akamtoa kibanzi cha muhogo kwenye nywele binti mmoja, akakitazama kama ushahidi. Akafika mlango wa mbele, wanaume wakageuka, na Athumani alikuwa kati yao, kofia mkononi, macho makavu tangu alfajiri. Mwanaidi akamtazama kutoka ndala mpaka kichwani. Kimya kidogo. Kidole kikainuka.

"Nimeona."

Watu wote wakasubiri nusu iliyobaki.

Na hapo ndipo Mwanaidi alipojua ana nini mkononi. Mtani aliyevaa kanga ya marehemu hashikwi kwa maneno yake. Angeweza kusema lolote kwa sauti ile. Angeweza kusema, Athumani, rudi kwa mkeo, na msiba mzima ungekuwa shahidi. Neno lilifika kwenye ncha ya ulimi. Akautazama uso wa mumewe, akaona na yeye analisubiri hilo hilo, anaomba alisikie, na akishalisikia atakaa maisha yake yote akijiuliza ni nani aliyelisema.

Akalimeza.

"Sijasema," akamaliza.

Kicheko kikapasuka kuanzia kwenye mikeka mpaka uani. Athumani alicheka mpaka akainama, kama ile siku ya baba yake, na alipokuwa ameinama kicheko kikageuka, mabega yakaanza kutikisika, na mtu mmoja akamshika asianguke. Ndiyo mara ya kwanza kulia tangu alfajiri.

Alimkuta Mwanaidi baadaye nyuma ya nyumba, karibu na rundo la maganda ya korosho, anafungua kanga.

"Kwenye televisheni unaegemea kulia," Athumani akasema.

"Ndiyo."

"Siku zote nilikuwa naona kuna kitu hakijakaa. Leo umeegemea kushoto. Nani kakwambia?"

"Muulize dada yako."

Halima alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama.

"Mama ndiye aliniambia nimwambie," akasema. "Wiki hii hii. Alikuwa anamtazama kwenye simu. Akacheka, akasema siku yangu arekebishe mguu."

"Alicheka?"

"Alicheka, kaka."

"Na hukuniambia?"

"Aliniambia nimwambie yeye, hakusema wewe. Nami nilijua unasubiri neno 'rudi'." Halima akainua ndoo yake. "Mama yetu huyu, lini alisema kitu kikanyooka?"

Akaenda zake. Athumani akabaki anatazama maganda ya korosho, midomo ikicheza kama mtu anayesoma kitu kidogo kidogo.

"Kwa hiyo alisema," akasema mwisho.

"Sijui, Athumani. Mimi usiniulize. Mimi nikisema, watu wanacheka."

"Alisema." Akachukua ile kanga mikononi mwake, akaikunja vizuri, mara mbili, akaiweka begani kwa mkewe. "Hitima ikiisha, nakuja Magomeni na begi langu."

Mwanaidi akafungua mdomo amjibu. Kilichotoka ni ile sauti ya kuku aliyemeza hereni, yote, na kwikwi yake na kamasi lake. Uani wanawake walioisikia wakaanza kucheka, wakiambiana Bi Kokoto huyo kaanza tena.

Alilia mpaka akamaliza. Athumani alisimama mbele yake anamtazama, na hakucheka.